Mwenzake wa Mtoto

Wadogo zangu wa materinite, nyumba yetu ya kuzalishia, siku niliporudisha funguo za kabati la vyombo mliniomba niwaachie maneno machache ya kazi. Nadhani mlitaka niongee dakika tano, tunywe limonadi, kila mtu arudi kwa wagonjwa wake. Lakini mnanijua: nikisimama mbele za watu nasahau hata jina langu, nikikaa na kalamu nakumbuka mpaka rangi ya aproni. Kwa hiyo nimeandika. Humu hamtakuta habari za vyeo wala mishahara, maana havina la kumfundisha mkunga. Nitawaandikia habari ya ndoo. Ile mnayoikuta chini ya kitanda cha kuzalia, yenye kifuniko na kipande cha plasta chenye jina la mama. Wengi wenu mnafikiri ni agizo la wizara. Wizara haijui hata kama tuna ndoo. Ile ndoo ilianza kwa kosa langu, na kosa lenyewe sijawahi kuwaambia.

Nilianza kazi miaka ile migodi ilipokwisha kuchukuliwa na serikali. Mji ulikuwa umeshapewa jina la Likasi, ingawa wazee waliendelea kuuita kwa jina la zamani, la Mzungu mmoja wa migodi. Nilitoka shule ya wakunga na cheti, viatu vyeupe vilivyolia kila nilipokanyaga, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Aliyenipokea ni Masera Godelieve, mtawa wa Kibelgiji, mkuu wa materinite ya kampuni ya migodi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na kwenye kazi hii sijaona mikono mizuri kuliko ile. Cheti hakukisoma. Aliniambia nioneshe kucha. Kisha akanipa pembe ya mbao, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

"Juma moja utasikiliza tu," akasema. "Hutasema kitu."

Nilisikiliza juma zima, mpaka sikio langu la kulia likabaki na alama nyekundu ya duara. Baba yangu aliniuliza nyumbani kama huko kazini tunapigwa.

Mwalimu wangu wa pili hakuwa na cheti chochote. Ni Mama Ngosa, mfagiaji. Alikuwa Musanga wa vijiji vya huku huku, mjane, mwenye ulimi mkali na goti moja bovu. Masera alinionesha jinsi ya kushika kichwa cha mtoto kinapotoka. Mama Ngosa ndiye aliyenionesha kupasha vidole joto kwapani kabla ya kugusa tumbo la mtu, na kumjua mama aliyebakiza saa moja kwa kusikiliza tu anavyoburuta kandambili kwenye korido. Alikuwa akipita na kitambaa chake cha sakafu, anasema bila kuinua kichwa: "Ule wa mwisho, musimuache. Iko karibu." Na kweli, alikuwa karibu. Masera mwenyewe alikuwa akimsikiliza, ila alijifanya hasikii.

Kazi ya siku hizo ilikuwa ya mpango sana. Mke wa mfanyakazi alikuja na kadi yake, akazaa, akapewa kifurushi cha nguo za mtoto na sabuni, akarudi kwake. Kondo la nyuma likishatoka tulililaza kwenye sahani ya enameli, tunaligeuza upande huu na upande ule kuona kama limekamilika, maana kipande kikibaki ndani mama anaweza kumwaga damu mpaka akaisha. Likishaonekana zima linaingia ndooni. Ndoo inakwenda nyuma ya nyumba ya kufulia, kwenye tanuri la kuchomea taka. Huko kulikuwa na Papa Kasongo, mzee wa tanuri, mtu ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Moshi ulitoka, lakini Likasi ni mji wa viwanda, nani atauliza juu ya moshi mmoja zaidi?

Walikuwepo waliouliza. Bibi waliosubiri nje, chini ya dirisha letu, wakishajulishwa kama ni wa kiume au wa kike, walikuwa na swali la pili. "Na mwenzake ya mutoto?" Ndivyo walivyoliita kondo la nyuma. Mimi nilijibu kwa ufasaha wote wa shuleni: "Imetupwa pamoja na takataka, nkambo. Ni sheria ya usafi." Nkambo ndiyo bibi kwetu, na niliona nikitia hilo neno la heshima nimemaliza.

Siku moja Mama Ngosa alisikia. Akaacha kupangusa, akakaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa.

"Kapinga, weye ulikomea wapi?"

"Hapa hapa, nilikulia mu kampi ya kampuni."

"Njo maana," akasema, yaani ndiyo maana sijui, na akarudi kwenye sakafu yake.

Ilikuwa kweli. Baba alikuja kutoka Kasai kufanya kazi ya ukarani, mama alikuwa Musanga, wakakutana kanisani, na nyumbani kwetu mila za pande zote mbili ziliachwa mlangoni ili pasiwe na ugomvi. Nilijua rozari, nilijua Kifaransa, nilijua king'ora cha kiwandani. Mambo ya mababu sikujua. Ilibidi nimbembeleze Mama Ngosa siku tatu ndipo akanieleza. Kwao mtoto anakuja na mwenzake. Mwenzake hatupwi. Anazikwa nyuma ya nyumba ya mama, pale yanapoanguka maji ya kuoga, na kitovu kikiangalia juu, maana kikiangalia chini tumbo la mama linafunga. Pale alipozikwa ndipo kwenu. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, hataji mahali alipolala jana, anataja mahali alipo mwenzake.

"Na akichomwa?" nikauliza.

Mama Ngosa alikamua kitambaa chake. "Nyinye njo munachoma," akasema. "Mutuambie nyinye."

Sasa nije kwa Numbi. Alikuwa mke wa fundi wa kiwandani, mwanamke mwembamba mwenye nyonga nyembamba. Mtoto wake wa kwanza alishindwa kupita, daktari akampasua, akatoka mvulana mzima. Ndoo siku ile niliituma mimi. Baada ya wiki chache yule mtoto alishikwa na homa akafa. Miaka mitatu ikapita bila mimba. Mama yake Numbi, Nkambo Mwape, aliyeishi kwenye kijiji kando ya njia ya Buluo, hakuhitaji daktari kumweleza sababu: tulichoma mwenzake wa mtoto, tukachoma na tumbo.

Ndipo Numbi akapata mimba tena. Mwezi wa saba wa mimba mumewe alikuja materinite na kofia mkononi. Nkambo amemchukua mke wake kijijini, akasema atazalia pale pale, na materinite hatakanyaga tena. Daktari alipopewa habari alifunga macho. Kovu kama lile, kwenye nyonga kama zile, uchungu ukianza na hakuna wa kupasua, tumbo linachanika ndani. Mama anakufa pamoja na mtoto, na hakuna dawa ya kijijini wala ya mjini ya kuzuia.

Nilikwenda Jumapili, mimi na Mama Ngosa na goti lake. Nkambo Mwape alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akatupa karanga. Nikaanza. Nilichora tumbo kwenye vumbi kwa kijiti, nikachora kovu, nikaeleza linavyochanika. Nilieleza vizuri sana, hata leo naona nilieleza vizuri. Numbi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono juu ya tumbo, anaangalia chini. Nkambo alisubiri mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, nkambo."

"Bon. Ule mutoto ya kwanza, mwenzake iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Wenzangu wote walikuwa wamemwambia hawajui. "Ilichomwa," nikasema. "Na ni minye nilituma ndoo."

Numbi aliinua kichwa. Nkambo naye aliendelea kumenya karanga, moja, mbili, tatu.

"Weye angalau unasema," akasema mwishoni. "Sikiliza, mama. Minye sikatale kisu. Kisu niliona, mutoto alitoka muzima. Lakini mwenzake nitamupata mu mikono yangu, ao Numbi hatatoka hapa."

"Utamupata," nikasema.

Mama Ngosa alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshasema. Nilikuwa nimeahidi kitu ambacho sikuwa na ruhusa ya kuahidi, na kwa ahadi ile Numbi alikubali kuja kulala materinite wiki mbili kabla ya siku yake.

Masera Godelieve alikasirika kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kelele. Ulikuwa wakati ule tulipoamriwa na serikali kuacha majina ya ubatizo, na yeye, aliyekuwa ameshika majina yetu yote ya watakatifu, alilazimika kujifunza upya, kwa hiyo mwezi mzima alituita "wewe" tu. "Wewe," akaniambia, "umetoa ahadi ya kitu ambacho si chako."

"Ni cha nani, Masera?"

Alifungua mdomo akaufunga. Akachukua pembe ya mbao akaipangusa, ingawa ilikuwa safi. Kisha akasema siku ya kupasua, kazi ikishaisha, yeye atakuwa kanisani anasali, na mtu akiwa kanisani haoni mambo ya nyuma ya nyumba ya kufulia. Nilimshukuru mpaka akanifukuza ofisini.

Siku ilifika. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, na ilikuwa siku ya kazi nyingi, akina mama watatu walikuwa wameshazaa kabla ya saa tatu. Daktari alimpasua Numbi, akatoa mtoto wa kike, rangi ya udongo wa mfinyanzi, hana sauti. Akanitupia mikononi. Nilimnyonya kamasi kwa mrija wa mpira, nikamsugua mgongo, nikampulizia, nikamsugua tena. Sijui ni muda gani. Nakumbuka tu Numbi amelala kwa dawa, na mimi nikisema kwa sauti "lia, mama, lia," kana kwamba yule mtoto anaelewa. Akalia. Nikakaa chini na mtoto mapajani.

Nilipoinuka, sahani ya enameli ilikuwa imeoshwa, imepinduliwa juu ya kitambaa, inakauka.

Nilikimbia. Papa Kasongo alikuwa anafunga mlango wa tanuri, ameridhika na kazi yake. Alikuwa amepita kama kila siku, akachukua kilichokuwa cha kuchukuliwa. Nilikuwa nimemwambia Masera, nimemwambia daktari, nimemwambia Mama Ngosa. Mzee wa tanuri sikumwambia, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mzee wa tanuri ni mtu wa kuambiwa. Huko ndiko kosa lilikoanzia, kabla ya lile ninalotaka kuwaandikia.

Nkambo Mwape alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, na kikapu kipya, kimetandikwa majani. Numbi alikuwa mzima. Mtoto alikuwa mzima. Nikimwambia ukweli, nilifikiri, atamchukua binti yake na kidonda kibichi, na hakuna mwanamke wa njia ya Buluo atakayekuja kwetu tena.

Kwenye chumba cha kuoshea ilibaki ndoo moja ambayo Papa Kasongo alikuwa bado hajaibeba. Ilikuwa ya Mama Mbombo wa kitanda cha dirishani, mke wa karani, mtu wa Kasai kama baba yangu, mwanamke wa mjini mwenye viatu vya kisigino, aliyezaa mvulana asubuhi ile bila hata kupiga kelele. Nikaishika.

"Iyi ni ya nani?" Mama Ngosa alikuwa mlangoni.

"Ya Mama Mbombo. Yeye haitaki. Ni muntu wa mujini."

"Haitaki, ao haukumuuliza?"

Nikainyanyua ndoo. Mama Ngosa akasogea kunipisha. Hakunisaidia, na hakunizuia.

Nkambo Mwape alipokea kwa mikono miwili, amepiga magoti. Alitazama ndani, akafunika na majani, akasema neno moja la Kisanga. Mama Ngosa alinitafsiria baadaye, bila mimi kuuliza. Alikuwa amesema: karibu nyumbani.

Yaliyofuata yote yalikuwa mazuri, na kila zuri lilinichoma. Mtoto aliitwa Kibawa, akanenepa. Nkambo alitangaza kijiji kizima kwamba kuna mkunga mmoja anayetimiza neno, na wanawake wa njia ya Buluo wakaanza kuja, hata wale ambao zamani tuliwapata wakiwa wameshachelewa. Masera alisema anayetaka chake apewe, mradi kiko kwenye chombo chenye kifuniko. Mimi ndiye niliyeomba vifuniko. Mimi ndiye niliyeleta plasta na wino, jina liandikwe kwenye ndoo kabla mama hajapanda kitandani. Nilikuwa mkali juu ya jambo hilo kupita kiasi, nikiona ndoo haina jina nilifoka mpaka wauguzi wakaniita Mama Plasta. Walidhani napenda utaratibu. Nilikuwa naogopa tu.

Mama Ngosa alikufa miaka michache baadaye, na siri akaondoka nayo. Masera alizeeka akarudi kwao Ubelgiji. Aliniachia ile pembe ya mbao. Dawa zikapungua, glavu zikawa za kufua na kuanika, kampuni ikaanza kukonda mbele ya macho yetu. Tuliendelea kuzalisha, maana watoto hawasomi hali ya kampuni.

Kisha ukaja wakati ambao sipendi kuuandika, lakini nisipouandika habari hii haina mwisho. Mnaukumbuka wenyewe, wengine mlikuwa shuleni. Watu waliotoka Kasai, na watoto wao, na wajukuu wao waliozaliwa hapa, waliambiwa warudi kwao. Walijaa stesheni na magodoro na masufuria, wakakaa majuma na majuma wakingoja treni. Jina langu mimi pia ni la huko, na kuna asubuhi nilizopita barabarani nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilibaki kwa sababu mama yangu alikuwa Musanga, na kwa sababu mke wa mkubwa mmoja, ambaye simtaji, alikuwa na mimba ya miezi minane, akauliza kwa sauti nani atamzalisha.

Wanawake walizaa pale stesheni, juu ya mikeka. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, na begi langu na pembe yangu. Mchana mmoja nilikuwa nanawa mikono kwa maji ya kopo, nikasikia mtu ananiita. Alikuwa Mama Mbombo. Viatu vya kisigino havikuwapo tena, lakini nilimjua. Kando yake alikaa kijana mrefu juu ya sanduku, anasoma gazeti kuukuu.

"Ule njo Kalala," akasema. "Mutoto yako. Weye njo ulimuzalisha. Iko na miaka ishirini."

Baba yake Kalala alikuwa ametangulia na treni ya kwanza. Wao walikuwa wanangoja. Tuliongea habari za njia, za maji, za nani ameondoka. Kisha Mama Mbombo akacheka peke yake, cheko lisilo na furaha.

"Unajua minaogopa nini? Mama yangu kule bado muzima. Mutoto alipozaliwa alinitumia barua: mwenzake mulizika wapi? Nikamudanganya. Nikamuandikia tulizika mu parseli yetu, nyuma ya nyumba, chini ya mupapai. Sasa tunafika, ataniuliza tena, na macho yangu ataona."

"Ulitaka kuizika?" nikauliza.

"Nilitaka, mama. Lakini nilisikia aibu. Masera alikuwa pale, weye ulikuwa pale na koti nyeupe. Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Mimi niliyekwenda mpaka kijijini kwa miguu kujifunza mambo ya mwanamke mmoja, nilikuwa nimemtazama mwingine viatu tu, nikamaliza. Nilidhani mila ni ya wale wanaokuja na vikapu. Nilikaa chini pale pale kwenye simenti, nikamwambia yote: tanuri, ndoo, kikapu, Nkambo Mwape. Nilimwambia nimemwibia.

Mama Mbombo alinisikiliza na mdomo wazi. "Kumbe ilizikwa?" akasema. "Na kitovu juu?"

"Na kitovu juu."

Akajifunika uso na kikwembe, kitenge chake cha begani. Nilifikiri analia kwa uchungu, nikataka kuomba msamaha tena, akanishika mkono kwa nguvu. "Fasi gani?" akauliza. "Niambie fasi." Nikamwambia mahali. Hakuweza kwenda, barabara za siku zile hazikuwa za watu wenye jina lake. Lakini alinitaka nitaje mara tatu: kijiji, nyumba, upande wa nyuma.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Nkambo Mwape. Jicho lake moja lilikuwa limeshazima. Kibawa alikuwa uani anatwanga mihogo, msichana mkubwa, mabega ya baba yake. Nilikataa kiti. Nikasema yote nikiwa nimesimama.

"Umenidanganya miaka ishirini," akasema Nkambo.

"Ndiyo, nkambo."

"Na ya mutoto wetu?"

"Iliungua. Nilikimbia, nikachelewa."

Kibawa aliacha kutwanga. Nkambo alimgeukia na jicho lake zima, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilistahili.

"Kibawa," akasema, "leta jembe."

Akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, pale maji ya kuoga yanapoanguka. Nikaogopa kwamba anafukua ili atupe. Akapiga jembe mara mbili, juu juu tu, akachota udongo kwa mikono, akaufunga kwenye kipande cha kikwembe. Kisha akasema twende stesheni.

Tulikwenda watatu. Watu walituangalia, bibi wa Kisanga na mjukuu wake kati ya yale magodoro. Mama Mbombo alisimama. Kalala naye akasimama, hajui kinachoendelea.

"Weye njo Kalala?" Nkambo akauliza.

"Ndiyo, nkambo."

"Mwenzako iko kwangu. Minye njo nilimuzika na hii mikono. Huyu," akamvuta Kibawa, "wake iliungua. Amekomea juu ya yako. Basi ni dada yako, mumesikia?" Wale vijana wakatazamana, wakaona aibu, wakaitikia. Akamwekea kile kifurushi mkononi. "Banasema urudi kwenu. Kwenu ni kule fasi mwenzako iko. Siwezi kubazuia. Beba kidogo."

Kalala alifungua shati akakitia ndani, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mama yake alipiga magoti mbele ya Nkambo. Nkambo akamwinua, wakabaki wameshikana, na mimi nikageuka upande, nikajifanya natafuta kitu kwenye begi. Treni yao ilikuja siku ya tatu.

Wakati wa kurudi, Nkambo alitembea kwa kuniegemea. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Tulipofika njia panda ya materinite akasimama kupumzika.

"Na weye, Kapinga. Mwenzako iko wapi?"

Katika miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Nilizaliwa materinite hii hii, kabla ya Masera, tanuri likiwa lile lile. Nikamwonesha moshi juu ya nyumba ya kufulia.

Nkambo aliutazama, akafuata na jicho lake moja jinsi ulivyokuwa unashuka juu ya mabati, juu ya kampi, juu ya mji wote.

"Basi baki," akasema. "Bale banataka kukufukuza, batakupeleka wapi?"

Nimebaki. Nyumba yangu mnaijua, njooni hata bila sababu. Plasta na wino viko kwenye droo ya juu, upande wa kushoto, na pembe ya mbao nimeiacha pamoja navyo. Muulizeni kila mama, mwenye kikapu na mwenye viatu vya kisigino, mwenzake wa mtoto aende wapi. Mwambieni na mzee wa tanuri. Na jina liandikwe kabla mtoto hajalia.